Seli kumbukumbu kwenye kompyuta yangu zinapotea zote lakini ekwesheni inasema zipo, nimekosea wapi?

MtotoWaLangoni:

Assalam aleikum nyote, poleni na joto la kaskazi. Mimi niko mwaka wa nne, sai niko nyumbani Lamu likizo namalizia projekti na nimekwama wiki ya pili hii, hata usingizi siupati vizuri, kwa hivo naomba mnisaidie.

Projekti ni kuiga kwenye kompyuta vile mwili unavyopata seli kumbukumbu, yaani zile seli za kinga zinazobaki baada ya ugonjwa kuisha ili kirusi kikirudi siku nyingine kikute kuna wanaokijua kwa sura. Nimechukua seli T peke yake, zile zinazoua seli zilizoingiwa na kirusi. Kwa wasioijua hadithi yake ni hivi: kabla hujaugua una seli chache sana za kukitambua kirusi fulani, kwenye laki kadhaa utapata moja. Kirusi kikiingia zile chache zinaanza kugawanyika mbili nne nane kumi na sita mbio mbio, kwa panya wa maabara aliyetiwa kirusi cha LCMV zinafika kilele kama siku ya 8. Alafu kirusi kikishindwa nyingi zinakufa, 90 mpaka 95 kwa kila 100, na hizo 5 mpaka 10 zinazosalia ndo kumbukumbu.

Kodi ya kompyuta nimeandika kwa lugha ya Python, kila seli ni kitu chake kwenye listi. Kileleni nina seli 400 manake laptopu yangu ya zamani haibebi zaidi, zinasalia 5 kwa 100, kwa hivo nabaki na seli kumbukumbu 20. Kuanzia hapo kila seli inagawanyika kwa wastani mara moja kwa siku 50 na uwezekano wa kufa nao ni huo huo, nimezilinganisha makusudi ili idadi isipande wala isishuke. Alafu naiacha iende miaka 40.

Sasa shida iko hapa. Nikitumia ekwesheni napata laini imenyooka, 20 mwanzo 20 mwisho. Nikiiga seli moja moja kwa bahatinasibu, nimeiendesha mara 100, mara 93 seli zote zimekufa kabla miaka 40 kufika, sifuri kabisa. Na zile mara 7 zilizobaki nazo ni kioja, moja imemaliza na seli 600 na zaidi wakati nilianza na 20! Nimeisoma kodi mstari kwa mstari sioni kosa. Nani mkweli hapa, ekwesheni au bahatinasibu?

Na swali dogo, supavaiza ameniuliza ile 5 kwa 100 nimeichaguaje, yaani seli inajua vipi kwamba yeye ni wa kubaki na mwenzake ni wa kufa. Sikuwa na jibu.

FundiKodi_Maweni:

Waaleikum salaam kakangu. Mimi niko Malindi, nimefanya data za utafiti wa afya miaka kadhaa kwa hivo hii naijua kidogo. Kosa la kwanza naliona hata bila kuifungua kodi, hio siku 50 ni nambari ya panya. Panya wa maabara akifika miaka 2 ashazeeka, wewe umechukua mwendo wa seli zake ukaupa miaka 40 ya binadamu.

Kwa watu kuna kipimo kizuri sana, mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilikaa kimya nikakifikiria. 2017 ilitoka ripoti ya watafiti wa Marekani, walichukua watu waliochanjwa homa ya manjano, ile chanjo ya 17D, wakawanywesha maji mazito siku zile za kwanza baada ya chanjo. Maji mazito ni maji kweli lakini haidrojeni yake ni ile nzito. Seli ikigawanyika wakati ule inaitia ile haidrojeni kwenye DNA yake mpya, inakuwa ina alama. Baadaye ikigawanyika tena bila yale maji alama inafifia nusu, ni kama sharubati ya ukwaju, kila ukiongeza maji kiasi cha yaliyomo rangi inapungua nusu. Sasa wakaja wakapima miezi na miaka baadaye wakakuta rangi bado ipo! Manake zile seli zilizaliwa kwa vurugu wiki za mwanzo alafu zikatulia, mgawanyiko mmoja unachukua zaidi ya siku 450.

Badilisha 50 uweke 450 uendeshe tena, utatuambia.

MtotoWaLangoni:

Shukran sana ndugu, hio ya maji mazito sikuwa naijua na naiweka kwenye ripoti leo leo. Nimebadilisha, 450 kuzaliana 450 kufa. Imekuwa afadhali lakini shida haijaondoka, kati ya mara 100 seli zimeisha kabisa mara 56. Na ekwesheni bado inasema 20. Kama ni binadamu wa kweli, basi zaidi ya nusu ya watu waliochanjwa wangekuwa wamesahau wakifika utu uzima na sivyo ilivyo.

BintiWaPate:

Mdogo wangu, kodi yako haina kosa, na ekwesheni yako haina kosa. Zote mbili zinasema kweli ila zinajibu maswali mawili tofauti, ngoja nikueleze polepole kwasababu hapa ndo penye utamu wote wa hii kazi na mimi nimefundisha takwimu muda nikaona watu wengi wakijikwaa hapa hapa.

Sahau seli kidogo, fikiria punda. Kuna kijiji kina punda 20. Kila punda kila mwaka ana nafasi sawa ya kuzaa na ya kufa. Kwa wastani kijiji kitabaki na punda 20 milele. Lakini chukua vijiji 100 vya namna hio uvirudie baada ya miaka 40, hutakuta vyote vina 20. Kuna kijiji mwaka mmoja walikufa 5 wakazaliwa 2, wakabaki 17, mwaka wa pili bahati mbaya tena wakabaki 13, na hakuna kitu kinachowarudisha juu, 13 ndo mwanzo mpya. Wakifika 3 wanaweza kufika sifuri mwezi ujao, na sifuri ni shimo, ukiingia hutoki, punda hazaliwi pasipo na punda. Kijiji kingine bahati iliwaendea vizuri wakafika 80. Ukijumlisha punda wote wa vijiji vyote 100 ukagawanya kwa 100 utapata 20 vile vile. Ekwesheni inakuonyesha huo wastani wa vijiji vyote, haikuonyeshi hatima ya kijiji kimoja. Ndo mana wale 7 waliobaki mara ya kwanza walikuwa wengi vile, walikuwa wamebeba idadi ya wale 93 waliopotea. Ukitaka kuhakikisha piga wastani wa zile mara zako 100 pamoja na sifuri zake zote, utakuta uko karibu na 20.

Na waeza kujua mapema hata bila kompyuta. Miaka 40 ni siku 14,600. Gawanya kwa 450, unapata kama 32.4, hio ni mizunguko ya kuzaliana. Kuzaa na kufa vikilingana, nafasi ya ukoo ulioanza na seli moja kuwa bado upo ni 1 gawanya kwa 1 kujumlisha mizunguko, yaani 1 kwa 33.4, karibu asilimia 3. Kwa hivo ukoo wa seli moja unapotea kwa asilimia 97. Wewe ulianza na 20, na ili zote ziishe lazima kila moja na watoto wake waishe, basi zidisha 0.97 kwa yenyewe mara 20. Ni 0.54. Wewe umepata 56 kati ya 100. Fanya na ile ya panya, mizunguko 292, utapata 0.93, na 93 ndo ulipata. Kodi yako ni safi mashallah.

Kilichokosekana ni majani. Punda wa kweli wanakula. Wakibaki wachache majani yanakuwa mengi, wananenepa wanazaa, wakizidi majani yanaisha wanadhoofika wanakufa. Seli kumbukumbu nazo zina majani yao, kuna protini mbili mwilini zinaitwa IL-7 na IL-15, mwili unazitoa kwa kiasi, seli zinazigombania, IL-7 inazisaidia zisife na IL-15 inazisukuma zigawanyike. Panya waliokosa IL-15 wanashindwa kushikilia hizi seli zao za kumbukumbu. Kwa hivo usimpe kila seli kiwango chake cha kugawanyika kama mshahara, weka chakula cha pamoja: jumla ya migawanyiko kwa siku iwe haibadiliki, alafu igawanywe kwa seli zilizopo. Zikiwa 10 kila moja inapata mara mbili, zikiwa 40 kila moja inapata nusu. Kufa kuache vile vile.

AbuuMkomani:

Samahani naingilia, mimi si msomi wa haya mambo nauza spea za mashini za mashua, lakini nimesoma mpaka hapa na nimeelewa ya punda. Swali langu ni la nyumbani. Kama mwili unakumbuka hivi, kwani mtoto wangu aliambiwa arudi chanjo ya surua mara ya pili? Na mke wangu kila mimba anachomwa ya pepopunda. Mwili wake umesahau?

MuuguziWaZamu:

Ami Abuu swali lako ni zuri na naulizwa hilo kliniki kila wiki hapa Malindi. Surua hapa kwetu Kenya ni miezi 9 na miezi 18. Ile ya pili si kwasababu ya kusahau. Mtoto wa miezi 9 wengine bado wana kingamwili za mama zao ndani, yaani protini za damu zinazonasa vijidudu na sumu, na zinaikamata chanjo kabla haijafanya kazi, wengine tu mwili haukuitika. Ya pili inawafuata hao waliokosa. Aliyeitika mara ya kwanza amekumbuka.

Pepopunda ni jambo lingine kabisa, na mwanangu MtotoWaLangoni hapa nisikilize na wewe kwasababu kwenye projekti yako hakuna hiki kitu. Seli kumbukumbu hata zikiwepo zinahitaji siku kadhaa kuamka na kuzaliana. Kwa surua siku hizo zipo kwasababu kirusi kinachukua kama wiki mbili kutoka kuingia mpaka vipele. Pepopunda ni sumu, sumu haingoji kumbukumbu iamke, lazima ikute kingamwili ziko kwenye damu tayari. Na mama anachanjwa ili zile kingamwili zipite kwenye kondo zimfikie mtoto, akizaliwa kitovu chake kisiwe mlango.

Sasa hizo kingamwili hazitoki kwa seli T. Zinatoka kwa ndugu wa seli B, aina nyingine ya seli za kinga, walioenda kukaa kwenye uloto wa mifupa, kazi yao ni kumwaga kingamwili tu, hawagawanyiki tena, wanakaa miaka na miaka. Na kuna seli B kumbukumbu pembeni zinazongoja. Hizi B zinafunzwa kwenye matezi, mtu akipata kidonda mguuni akaota mtoki kinenani pale ndani kuna kazi kubwa inafanyika, seli B zinabadilisha vipokezi vyao, ile mikono ya kukishika kijidudu, kidogo kidogo, zinazoshika vizuri zinaendelea, zinazoshika vibaya zinakufa, na siku baada ya siku kingamwili zinakuwa kali zaidi. Kwa hivo ukiandika tu "seli kumbukumbu" kana kwamba ni kitu kimoja, mtu wa hospitali atakuuliza zipi.

Alafu kuna malaria. Malaria kinga yake haiji kwa kuugua mara moja kama surua. Mtoto wa huku anaijenga mwaka baada ya mwaka, kwanza anakingwa na malaria kali ile ya kupoteza fahamu na kuishiwa damu, baadaye sana ndo anaweza kuwa na vimelea kidogo na asiugue. Na mtu akienda kukaa Uarabuni miaka mingi asing'atwe, akirudi anaweza kuumwa vibaya, nimewapokea wa namna hio zaidi ya mmoja na ndugu zao wanashangaa "huyu si alizaliwa hapa hapa". Sehemu ya sababu ni kwamba kimelea kimoja kina kama jeni 60 za kutengeneza kanzu ya nje, leo kavaa hii, mwili ukiijua kashavaa nyingine. Kumbukumbu ya kanzu ya jana haikusaidii sana leo. Chanjo ya RTS,S, ambayo Kilifi yetu ilikuwa moja ya sehemu za majaribio, WHO iliipendekeza Oktoba 2021 kwa dozi nne, na ile ya nne ni kwasababu ulinzi unashuka. Hapo mwili unakumbuka lakini kiasi cha kingamwili ndo kinapungua na kimelea kinataka kingamwili nyingi sana kwasababu kutoka kwa mbu mpaka kufika kwenye ini ni muda mfupi, dakika mpaka saa chache.

Na mwisho, usimsahau surua kama mwizi. Surua ya kweli, si chanjo, inaingia ndani ya hizo hizo seli kumbukumbu na kuziua. 2019 walipima watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa wakaugua, walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo za magonjwa mengine. Hilo ukiliweka kwenye kompyuta yako, siku moja unafagia nusu ya punda wote bila kuchagua kijiji, nitafurahi sana kuona inakuwaje baadaye, kwasababu mimi naona wale watoto wakirudi wodini na nimonia na kuhara miezi baada ya surua kupona.

MaalimMstaafu_Shela:

Wanangu, masalkheri. Nimefundisha sayansi shule za msingi na sekondari miaka 31, na kijana wetu amenikumbusha jambo ambalo linafaa awe nalo.

Modeli yake haina kirusi kinachorudi. Je, kumbukumbu inaweza kukaa bila kukumbushwa? Jibu lilipatikana visiwani, na sisi watu wa visiwa tunapaswa kulijua. Kuna visiwa vya Faroe, kaskazini ya mbali, chini ya utawala wa Denmark. Surua iliingia huko 1781 kisha ikatoweka kabisa kwa miaka 65. Mwaka 1846 ikaletwa tena kwa jahazi, na katika watu wapatao 7,800 waliugua kama 6,000. Serikali ikampeleka daktari kijana, Peter Ludvig Panum, akazunguka kijiji kwa kijiji akiuliza na kuandika tarehe. Akakuta wazee waliougua surua mwaka 1781 wakiwa wadogo hawakuugua tena hata mmoja. Miaka 65, kisiwa hakina surua, hakuna wa kuwakumbusha, na miili yao ilikumbuka.

Na ndui ni hivyo hivyo. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa hapo juu pwani, Merka, Somalia, Oktoba 1977, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa anahamasisha watu wachanje watoto polio, akafariki 2013 akiwa bado katika kazi hiyo. Tangu ndui iondoke, kila mzee aliyechanjwa zamani ni kipimo cha kumbukumbu isiyokumbushwa. Watafiti Marekani walipima watu kama hao wakatoa majibu 2003: seli T zilikuwa zikipungua taratibu, zinabaki nusu kila miaka 8 hadi 15, lakini kingamwili zilikuwa pale pale hata kwa waliochanjwa miaka 75 nyuma. Kwa hiyo mwanangu usilazimishe laini yako inyooke kama uzi. Ya seli T inaruhusiwa kushuka kidogo.

MtotoWaLangoni:

Maalim shikamoo na shukran sana, na dada Binti na muuguzi Mungu awalipe. Stima ilipotea hapa mtaani jana mchana kutwa kwa hivo nimeendesha usiku.

Majani yamefanya kazi! Chakula cha pamoja, seli 20, miaka 40, mara 100: hakuna hata mara moja iliyofika sifuri. Idadi inapanda 27 inashuka 14 inarudi, kama mtu anayeyumba ngalawani lakini haanguki. Nilipiga kelele mama akaja kuuliza kuna nini.

Alafu nikaona mwili hauna ugonjwa mmoja, nikaweka koo 50, kila ukoo ni wa ugonjwa wake, kila mmoja seli 20, jumla 1,000, wote wanakula majani yale yale. Jumla imesimama vizuri 1,000 miaka 40. Lakini nilipofungua ndani kuangalia ukoo mmoja mmoja, koo 26 kati ya 50 hazipo tena! Zimemezwa na wengine. Nimerudi nilikotoka?

BintiWaPate:

Hujarudi nyuma, umefika mahali ambapo hata mimi nilitaka ufike lakini sikutaka kukuambia mapema. Majani ya pamoja yanalinda jumla ya punda, hayamjui punda wa nani. Kijiji chako kikipungua mpaka 5 majani yanaliwa na vijiji vingine 49, kwa hivo hakuna anayekurudisha wewe, umerudi kwenye ile hesabu ya kwanza, 0.54 mara 50 ni koo 27 kupotea, wewe 26.

Kosa hapa ni ukubwa. Umekunja mwili mzima wenye seli T mabilioni mia kadhaa ukautia kwenye seli 1,000, na kila unapoupunguza mwili bahati inazidi kuwa na nguvu. Rudia ile hesabu ukoo ukiwa na seli 1,000 badala ya 20: zidisha 0.97 kwa yenyewe mara 1,000. Kikokotoo kitakuandikia sifuri nyingi mpaka uchoke. Na tena ugonjwa mmoja hautambuliwi na ukoo mmoja, koo nyingi tofauti zinatambua vipande tofauti vya kirusi kile kile, kwa hivo hata mmoja akipotea wapo wengine. Wale wazee wa maalim wa Faroe hawakuponea seli 20.

Najua utasema laptopu haibebi. Itabeba. Wewe umeweka kila seli kama kitu kwenye listi, na seli za ukoo mmoja hazina tofauti yoyote kwa hivo unabeba mzigo wa bure. Weka namba tu, ukoo wa 1 una 1,000, ukoo wa 2 una 1,000. Alafu tumia njia ya Gillespie ya 1977: jumlisha viwango vyote vya kuzaa na kufa, chagua kwa bahatinasibu muda mpaka tukio linalofuata, chagua tena ni ukoo gani na ni kuzaa au kufa, ongeza moja au toa moja, rudia. Listi inakuwa na namba 50 badala ya seli elfu 50. Koo 50 kwa miaka 40 ni matukio milioni tatu na kitu, utaenda kuswali urudi ukute imemaliza au iko karibu.

Na lile swali la supavaiza hakuna aliyelijibu. Kuna mawazo mawili makubwa. La kwanza linasema seli zote zinapita kuwa wapiganaji na baadaye wachache wanasalia wakageuka kumbukumbu. La pili linasema njia zinaachana mapema, hata kwenye mgawanyiko wa kwanza kabisa mtoto mmoja anaweza kurithi vitu tofauti na mwenzake. Andika yote mawili kwenye kodi utaona kitu cha kukusumbua, ukirekebisha namba kidogo yanatoa grafu ile ile, panda siku ya 8 shuka baki 5 kwa 100. Grafu ya jumla haiwezi kukuambia lipi ni kweli. Mwambie supavaiza hivo, ni jibu zuri kuliko kujifanya umechagua. Kinachoweza kutofautisha ni kufuata seli moja moja na watoto wake, kama ile alama ya maji mazito ya ndugu wa Maweni, ambayo kwa homa ya manjano ilionyesha waliobaki walikuwa wamezaliana sana wakati wa vita, inaegemea lile la kwanza. Na 2013 vikundi viwili vilifuata seli moja moja kwenye panya, wakakuta koo hazilingani hata kidogo, seli moja inaacha watoto wachache sana na jirani yake anaacha maelfu, na sehemu kubwa ya jeshi lote linatoka kwa koo chache. Kwa hivo usianze na koo 50 zote za ukubwa mmoja. Hakuna mwili wa namna hio.

FundiKodi_Maweni:

Naunga mkono, na weka mbegu ya bahatinasibu, yaani ile namba kompyuta inayoanzia kuchagua, uiandike kwenye ripoti ili mtu mwingine akiendesha apate namba zako zile zile. Mimi niliwahi kupoteza kazi ya miezi miwili kwa kutofanya hivo, majibu yalikuwepo lakini sikuweza kuyarudisha mbele ya watu.

MtotoWaLangoni:

Nimefanya yote na mbegu nimeweka. Kwanza koo 50 za seli 1,000 kila mmoja: hakuna uliopotea. Alafu koo ambazo hazilingani, nyingine nimezianza na 3 au 7, nyingine 60, nyingine 2,000 na zaidi. Miaka 40 baadaye za chini ya 10 zimepotea karibu zote, zilizoanza na 500 kwenda juu zipo zote, na hizi za katikati, 20, 30, 60, ndo kila nikibadilisha mbegu anabaki mwingine. Sai naangalia hizo tu.

Kesho inshallah nitaweka surua ya muuguzi, nifagie nusu mwaka wa 10 alafu niendeshe mpaka mwaka wa 40. Muuguzi, nikifagia niache majani yawe yale yale au nayo yapungue?

MuuguziWaZamu:

Yaache yale yale mwanangu, seli nyeupe zenyewe kwenye damu zinarudi idadi yake ndani ya wiki chache baada ya surua. Jumla inarudi. Angalia ni nani waliorudi.